Mkono Uliopewa Samaki

4 Februari

Mpwa wangu,

Kwa heshima na taadhima, na baada ya kushauriana na wazee wote wa ukoo waliopatikana, yaani mimi, napenda kukutangazia kwamba unyusi wangu wa kushoto umerudi. Ulirejea Jumanne asubuhi bila kubisha hodi. Ni vinywele vichache tu, vimesimama kama watu wanaosubiri ofisi ifunguliwe, lakini mkazamjomba wako ameviona kwa macho yake na yuko tayari kula kiapo. Unyusi wa kulia bado uko safarini. Ukifika utaarifiwa.

Baada ya tangazo hilo, salamu. Sisi hatujambo, ukiniondoa mimi. Mama yako mzima. Amenunua redio mpya na sasa mtaa mzima unapata habari za dunia bure. Jirani yetu, yule tunayemwita Bwana Nilisema, alikuja kuniona hospitali. Alivuta kiti, akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akasema, "Nilisema." Akala machungwa yangu, akaenda zake. Simu usipige. Ilikuwa mfukoni mwangu siku ile, nayo ikaungua, tofauti yetu ni kwamba yenyewe haikupewa kitanda.

Najua mama yako amekusimulia mengi. Punguza nusu. Niliombwa kuchomelea pipa lililopasuka. Nikauliza, "Ni tupu?" Mwenyewe akajibu, "Tupu kabisa, fundi." Na kweli lilikuwa tupu. Petroli iliisha siku nyingi, kilichobaki ndani ni mvuke, na mvuke si kitu, ndiyo maana uliondoka na kifuniko, nyusi zangu, na ngozi ya mikono yote miwili mpaka karibu na viwiko.

Barua hii anaandika mkazamjomba wako. Mimi nasema, yeye anaandika, kwa sababu mikono yangu imefungwa kama ya bondia aliyeshindwa. (Mwandishi anaongeza: siku ya kwanza alipiga kelele mpaka wodi ya wazazi wakadhani kuna anayejifungua mapacha.) Sijui ameandika nini hapo, lakini nimemwona akicheka.

Sasa la maana. Wameniingiza kwenye utafiti, na nasikia ndio huo wa hapo unapofanya kazi. Kuna nesi mmoja hapa anayetembea na rula mfukoni kama mwalimu wa hesabu. Aliniambia hospitali yenu inatafuta watu walioungua mikono yote miwili kwa kiasi kinacholingana. Nikamwambia sikujua kwamba watu wa namna hiyo wana soko. Mkono mmoja unavishwa ngozi ya samaki iliyosafishwa na kufungwa kwenye pakiti. Mwingine unapakwa dawa ya siku zote na kufungwa shashi. Halafu mnangoja muone upi utapona mapema. Upi upate nini, haamui mtu, inaamua bahasha. Ikafunguliwa bahasha: samaki, kulia.

Basi mkono wangu wa kulia umevaa samaki. Umekauka juu kama kiatu, haufunguliwi, hauumi, unalala mpaka asubuhi. Wa kushoto unafunguliwa kila baada ya siku moja, shashi inabanduka na vipande vyangu, na mimi naimba nyimbo ambazo hazijatungwa. Mmoja wanautunza kama mtoto wa kuzaa, mwingine kama wa kambo, na yote ni yangu.

Wewe ndiye uliye karibu na wakubwa. Waulize: bahasha inaweza kufunguliwa mara ya pili?

Mjomba wako,
nusu mtu, nusu kitoweo


13 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Na unyusi wako nao naupa pole ya safari.

Huku sijambo. Chumba changu bado kiko juu ya karakana ya baiskeli, kwa hiyo kila asubuhi naamshwa na kengele za watu wanaojaribu kengele. Mama alipiga simu juzi. Tulizungumza watatu, yeye, mimi na redio.

Kazi yangu, ambayo mama huwaambia watu kwamba ni udaktari, ni kukaa kwenye chumba chenye dirisha lisilofunguka na kutoa alama kwa picha za mikono. Wekundu, unyevu, uvimbe, kovu. Mikono haina majina, ina namba. Mkuu wetu tunamwita Daktari Asilimia, kwa sababu ukimwuliza habari za asubuhi anakujibu, "Nzuri, kwa asilimia themanini."

Bahasha haifunguliwi mara mbili. Kila mgonjwa akiruhusiwa kuchagua, ataupa samaki mkono anaoupenda, atautunza na kuubembeleza, na mwisho hatutajua kilichouponya ni samaki au mapenzi. Ndiyo maana inaamua karatasi isiyomjua mtu. Ni ukatili, lakini ni ukatili wa haki.

Namba yako sipaswi kuijua, na siijui. Kile kidole chako cha mwisho cha kushoto, kilichopinda tangu mlango wa gari ulipokibana, hata sikumbuki kinafananaje.

Nina swali la mpwa, si la ofisi. Wewe ni mashoto. Uliwaambia?

Na usipake chochote ambacho hakikutoka hospitali. Si asali, si dawa ya meno, si yai, si ushauri wa Bwana Nilisema. Mkono wa shashi nao unatibiwa, Mjomba. Ile ni dawa, si adhabu.

Mkazamjomba mpe salamu zangu, na mabano yake nimeyapenda.

Mpwa wako


24 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi hatujambo kabisa. Nimeruhusiwa nyumbani; shashi anabadilisha mkazamjomba wako, hospitali naenda kwa mpiga picha tu. Mvua imenyesha na bati la karakana yangu limevuja pale pale linapovujaga, kwa hiyo hakuna jipya. Redio ya mama yako imeharibika, ameipeleka kwa fundi. Mtaa ungepumzika, ila fundi mwenyewe anakaa nyumba ya pili kutoka kwetu na anaijaribu mchana kutwa. Unyusi wa kulia umefika. Umekuja mweupe. Mkazamjomba wako anasema sasa uso wangu una upande wa baba na upande wa mtoto.

Mkono wa kulia unaendelea vizuri mno. Samaki ameanza kubanduka mwenyewe pembeni, na chini yake kuna ngozi mpya, laini, kama ya mtu ambaye hajafanya kazi tangu azaliwe. Nauonea haya.

Mkono wa kushoto upo.

Umeuliza kama niliwaambia kuwa mimi ni mashoto. Hawakuuliza. Waliuliza kama navuta sigara, kama nina kisukari, na kama samaki huwa ananidhuru. Mtu akiulizwa matatu anajibu matatu.

Mkazamjomba wako anakusalimu. Hana la kuongeza.

Mjomba wako


3 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na safari hii nakuamkia nimesimama, kwa sababu hasira hainikalishi.

Habari za nyumbani nitaziandika mwisho zikipata nafasi. Kabla sijashika kalamu nimempigia simu nesi wa rula. Kwa hiyo barua hii itakukuta umeshalazwa.

Mambo mawili yalinishtua. La kwanza, mkazamjomba hakuweka mabano hata mara moja. Mwanamke huyu aliwahi kuweka mabano kwenye barua ya rambirambi. Akinyamaza yeye, ama kuna maiti ama kuna siri, na maiti mngeniambia.

La pili ni picha. Juzi ililetwa picha ya mkono wa kushoto wa mtu nisiyemjua, mwenye kidole nisichokikumbuka. Umevimba, una rangi ya kijani pembeni, kiganja kina usaha. Nikatoa alama zangu. Daktari Asilimia akaja nyuma yangu, akautazama, akafurahi. Usimlaumu. Mkono wa shashi ukiharibika namna ile na wa samaki ukipona vile, utafiti unapendeza. Alisema, "Unazidi kuharibika kwa asilimia thelathini kwa wiki," kwa sauti ya mzazi anayesoma matokeo ya mtoto aliyefaulu.

Alipoondoka, nikaikuza picha. Kati ya kidole cha kati na cha pete palikuwa na kitu kinachong'aa. Nikadhani ni mwanga wa taa. Nikaikuza zaidi. Mjomba, ni gamba.

Ngozi zetu hazina magamba. Huparuliwa, hulowekwa kwenye dawa, hupigwa mionzi, hufungwa. Samaki wetu akifika kwa mgonjwa ni msafi kuliko mimi. Na hata angekuwa na magamba, huo ni mkono wa kushoto, ambao samaki hakualikwa.

Sitauliza huyo wenu alitoka wapi. Namjua mkazamjomba, anajua kuchagua. Bila shaka alikuwa mnene na macho yanang'aa. Lakini samaki wa sokoni ameshikwa na mvuvi, na mchuuzi, na mteja aliyemminya akamrudisha, na nzi wa pande zote za soko. Alikuja na vijidudu vyake, nawe ukavipa nyama mbichi na joto la bandeji. Ule mkono ulikuwa unapona. Taratibu, kwa maumivu, lakini ulikuwa unapona. Nina picha zake zote.

Kama uozo umeshuka mpaka chini, ngozi hiyo haitaota tena yenyewe. Watachukua ya paja waipandikize mkononi. Wakikwambia hivyo, kubali, usianze kuwachekesha.

Mama sijamwambia. Kesho yake ingesomwa kwenye taarifa ya habari.

Mpwa wako


28 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Kaa chini.

Nakusalimu kutoka kitandani ulikonituma. Ulipopiga simu, yule nesi hakungoja niende. Alikuja nyumbani mwenyewe kwa miguu. Alifungua bandeji, akanusa, akamgeukia mkazamjomba wako. "Mama, leo umepika?"

"Bado."

"Basi harufu hii ni ya nani?"

Hapo ndipo kimya cha nyumba yetu kilipokwisha. (Mwandishi anaomba nafasi. Mimi nilisema tuulize kwanza. Yeye akasema, ukimwuliza daktari atakataa, usipomwuliza hajakataa. Nikaenda sokoni. Nilimchagua mwenyewe, nikamchuna mwenyewe, nikamwosha kwa chumvi na limau, na siku za picha nikambandua kabla hatujatoka. Tangu siku hiyo samaki simli.)

Limau, mpwa wangu. Kwenye kidonda. Nililia nikiamini ndiyo dawa inaingia.

Sasa nisikilize na mimi. Hukuuliza kwa nini, nitakwambia hivyo hivyo. Mkono wangu wa kulia kazi yake tangu utoto ni kusindikiza. Unashikilia chuma, wa kushoto unachomelea. Unashikilia kikombe, wa kushoto unakoroga. Inakuja bahasha, haimjui mtu, haijui kazi yake, inamshonea msindikizaji suti mpya na bwana harusi inamwachia matambara. Mkasema ni haki. Mimi nina mikono miwili tu na mmoja ndio unaotulisha, nikasema haki hii ngoja niinyooshe kidogo. Mkono wa samaki ulikuwa unapona mbele ya macho yangu. Nilichofanya ni kuiga.

Na katika makatazo yako ulitaja asali, dawa ya meno, yai na Bwana Nilisema. Samaki hukumtaja. Niliisikiliza barua ile mara mbili.

Wameshapandikiza. Ngozi ya paja wanaitoa kwa kitu kama randa ya seremala, wanaivuta nyembamba kama karatasi ya sigara, wanaibandika. Nilikubali, na sikumchekesha mtu, ila daktari wa usingizi tu. Kwa hiyo kiganja changu cha kushoto siku hizi ni paja. Mtu akinipa mkono atakuwa amenishika paja, na sitamdai maelezo.

Daktari wa hapa hasemi kama mkono utafunguka na kufumba. Kila nikimwuliza, jibu lake ni "Tutaona." Mimi ni fundi. Mteja nikimwambia "tutaona" huwa kitu chake nimeshakiona.

Wewe unajua. Mikono mingi imepita mbele yako. Niambie utashika chombo cha kuchomelea au hautashika. Na niambie pia kama bosi wako umemweleza habari za gamba, maana nesi ananitazama kama mtu aliyeuza mtihani.

Mjomba wako


2 Mei

Mpwa wangu,

Je?

Mjomba wako

(Na mwandishi anauliza hivyo hivyo.)


19 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Barua zote mbili nilizipata. Ile fupi ilikuwa ngumu zaidi kuisoma.

Huku sijambo. Karakana ya baiskeli imefungua tawi, sasa kengele zinatoka pande mbili. Nilichelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa na shughuli ya kuhamishwa. Mama ameambiwa nimepanda cheo; naomba mumwache aendelee kufurahi. Ukweli ni kwamba niko stoo, napokea maboksi ya shashi na kuyapanga. Mjomba analia kwa ajili ya shashi, mpwa anapanga shashi, hatujatoka nje ya ukoo.

Ilikuwa hivi. Nilimpelekea Daktari Asilimia ile picha, nikasema, "Namba hii iondolewe. Hilo ni gamba la samaki wa sokoni."

"Umejuaje si vumbi?"

"Kwa sababu namba hii ni mjomba wangu."

Aliketi kwa asilimia mia moja. Kisha akauliza, "Tangu lini unajua?"

"Tangu picha ya kwanza. Kidole cha mwisho."

Kosa langu si gamba, Mjomba. Kosa langu ni zile alama nilizotoa kwa picha zilizotangulia, huku nikijua mkono ni wa nani. Anayetoa alama hatakiwi kumpenda mwenye mkono. Daktari alinieleza jambo hilo bila kupandisha sauti, akaziondoa alama zangu zote, akampa mtu mwingine picha azianze upya. Mikono yako imetolewa yote miwili. Huo wa kulia ndio uliokuwa mzuri kuliko mikono yote iliyowahi kuletwa pale. Aliitazama picha yake mara ya mwisho kama mtu anayevua koti la kuazima.

Sasa sikiliza kuhusu kovu. Kovu halilali. Usiku kucha litavuta vidole vyako vikunjamane, na kazi yako kila asubuhi ni kuvinyoosha. Utapewa glavu ya kubana. Ivae mchana na usiku, uivue unapooga tu. Nyoosha kidole kimoja kimoja mpaka kiwe cheupe, hesabu taratibu, achia, rudia. Gumba liguse kila kidole. Itauma. Ikiuma endelea, ikitoa damu mwite nesi. Ukiruka siku, siku hiyo hairudishwi.

Swali lako nimelisoma.

Mpwa wako


11 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Swali langu umelisoma, ahsante. Mimi nami jibu lako nimelisoma.

Sisi hatujambo. Mama yako ametembeza habari ya cheo chako mpaka kwa watu wanaotudharau. Bwana Nilisema alisikia kwamba nilijiwekea samaki, akaja haraka, akakaa, akafungua mdomo, akakwama. Hili hakuwahi kulisema. Nilimwona akiteseka kwa muda mrefu, nikamhurumia, nikamwambia, "Sema tu." Akasema, "Hili hapana, jirani. Hili hata mimi nisingelifikiria." Ndiyo sifa ya kwanza aliyowahi kunipa.

Glavu imefika. Ina rangi ambayo waliomaliza shule wataita rangi ya ngozi. Ya nani, sijui. Inabana kama ndugu anayeomba nauli. Mazoezi nafanya, na msimamizi ni huyu anayeandika. Nilioa mwanamke mpole. Siku hizi saa ya mazoezi ikifika anakunja mikono ya gauni, anachukua kidole changu, anakivuta kama anachomoa msumari, huku akiniuliza nataka tule nini jioni. Nikisema "inauma" ananiambia "hesabu". Muwasho ndio sikuambiwa na mtu. Unaanza ndani, chini ya kovu, pasipofika kucha, na ukikuna hapo unakuna jirani tu.

Pole kwa stoo. Sikujua kwamba samaki mmoja angeweza kula watu wawili.

Karakana imefungwa. Wateja wanapita, wanatazama kufuli, wanaulizana kama nimekufa, wengine wanafika nyumbani kuuliza. Najibu kwamba bado tunajadiliana.

(Mwandishi anaongeza, na asijue: kwenye mazoezi anatania mpaka tunamaliza, halafu anaenda chooni anafungulia bomba. Anadhani maji yanaficha. Mpwa, gumba linafika kidole cha shahada. Cha kati bado. Nikivuta zaidi namwumiza, nikivuta kidogo linakaza. Nani wa kuniambia nivute kiasi gani?)

Mjomba wako


30 Julai

Mkazamjomba,

Barua hii ni yako, msomee mjomba ukipenda. Vuta mpaka ngozi ya kovu igeuke nyeupe, uishike hapo, usiende mbele yake. Ndiyo mpaka wenyewe. Ukifika hapo unafanya sawa, hata akikuimbia.

Samaki ulimnunua kwa kumpenda. Vijidudu havikujua hilo, ila mimi najua.

Mpwa wenu


2 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo. Huku sijambo. Mama alinitembelea, akataka kuona ofisi yangu mpya. Nilimwonyesha stoo. Akatazama maboksi yote yale mpaka darini, akauliza, "Yote haya yako chini yako?" Nikasema ndiyo. Amerudi nyumbani ameridhika.

Utafiti umekwisha. Jana Daktari Asilimia alituita wote, hata sisi wa stoo, akasoma matokeo. Naandika kabla hujayasikia kwa nesi.

Mikono iliyovaa samaki ilifunguliwa mara chache na haikuuma sana. Hilo amelithibitisha, na ni jambo kubwa kwa anayefunguliwa bandeji, ingawa kwenye ripoti amelipa mistari michache karibu na mwisho. Lakini hilo silo alilolitafuta. Alitaka kujua upi unapona mapema, na upi unabaki na kovu dogo.

Ilipona sawa. Samaki na shashi. Siku zilezile, kovu lilelile. Alipitisha hesabu upya akitumia alama za yule aliyechukua nafasi yangu, akapata vilevile. Ule mkono wako wa kushoto, ungeachwa ulivyokuwa, ungepona kama wa kulia.

Nilifikiria kutokukuandikia. Halafu nikafikiria utakavyokwenda kumdai nesi samaki mwingine.

Ulipouliza mwezi wa tatu kama utashika chombo, nilikuwa nimeshaona mikono ya aina hiyo. Niliandika kuhusu mazoezi.

Mpwa wako


20 Novemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Ukiona mistari inapanda mlima ujue naandika mwenyewe, na kwa mkono wa kulia. Mwandishi wangu nimemwachisha kazi. Yuko nyuma ya bega langu anasoma, naona kivuli, mabano yake anayasema kwa mdomo.

Sisi hatujambo. Matokeo yenu tumeyapata. Mwenzangu alitoka nje kidogo, akazunguka nyumba, akarudi, akasema ni saa ya mazoezi. Tukafanya mazoezi.

Gumba la kushoto linafika kidole cha shahada na, asubuhi nikiwa nimelowesha kwenye maji ya moto, linagusa cha kati. Halitafika kwingine. Daktari ameacha kusema "tutaona", sasa anasema "hongera", nikajua tumemaliza. Linaweza kushikilia chuma kisicheze. Kuchomelea haliwezi. Basi tumebadilishana vyeo: kushoto inasindikiza, kulia ndiyo fundi. Mkono wa kulia ni msomi, umepita kwenye utafiti, una ngozi ambayo kila anayeiona anaisifu. Nimeufungulia karakana mwezi uliopita, mbele ya mama yako na redio yake. Bwana Nilisema alikuja na kiti chake.

Mama mwenye nyumba ya kona alikuwa wa kwanza kuleta kazi. Geti la chuma, milango miwili. Wenzake walimwambia apeleke kwingine, akasema atangoja. Zamani kazi hiyo ningeimaliza kabla ya chakula cha mchana. Safari hii nimeifanya kwa wiki tatu. Nilipima, nikakata, nikachomelea, nikabomoa, nikachomelea tena. Mishono imekaa vinundu vinundu, lakini imeshika. Niliigonga kwa nyundo haikuachia. Nikalipaka rangi ya kijani aliyoitaka. Mkazamjomba wako alilipaka tena pale nilipokosea. Jana tukalipeleka kwa mkokoteni, tukalitundika kwenye bawaba, watu wamesimama barabarani wanatazama, mama mwenye nyumba akanishukuru na kuniita fundi.

Halifungi.

Mjomba wako